Kitabu Wazi, Simu Mkononi: Jinsi ya Kumsaidia Kijana Aanze Kazi ya Shule Mapema

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi wa hapa Mombasa aliye na kijana wa miaka 13 hadi 18 nyumbani. Si mtoto mtundu wala mzito wa akili, ila kazi yake ya shule haianzi. Kitabu anakifungua maghrib. Ukipita saa tatu usiku kiko ukurasa ule ule, simu iko mapajani, naye anakuambia, "Naanza sasa hivi, mama." Kazi yenyewe inakuja kufanywa saa tano za usiku kwa pupa, au asubuhi ndani ya feri kwa kunakili ya mwenzake.

Wazazi wengi huanza na simu: wanaipokonya. Nashauri uanze kwingine. Watafiti wa tabia ya kuahirisha kazi, miongoni mwao Timothy Pychyl wa Kanada na Fuschia Sirois aliyeko Uingereza, wanaeleza kwamba mtu huahirisha ili kuituliza nafsi. Kazi inamletea hofu, kero au unyonge; akiiweka kando anapata nafuu papo hapo, na nafuu ile ndiyo inayomfundisha kuiweka kando tena kesho. Simu ni mahali pa karibu tu pa kukimbilia. Iondoe peke yake na kijana atapata pengine: atalala, atapanga madaftari upya kwa rangi, atatoka kununua kalamu, atakumbuka ghafla kwamba bibi alimtuma mabuyu. Ugumu wenyewe uko katika dakika kumi za mwanzo, na karibu kila hatua hapa chini inalenga dakika hizo.

Utahitaji daftari dogo, saa ya mezani au ya jikoni yenye kengele (isiwe ya simu), na chaja itakayohamia sebuleni. Jipe nusu muhula kabla ya kuhukumu.

Hatua ya kwanza: tazama wiki moja, usibadilishe kitu

Mwambie kijana waziwazi: wiki hii tunatazama tu, hakuna kugombana. Kumnyatia na kumpekulia simu akiwa usingizini kutakuharibia hatua zote zinazofuata, kwa sababu utahitaji akuambie ukweli.

Kila jioni andikeni mambo manne kwenye daftari: saa aliyokaa kwenye kitabu, somo, saa aliyoshika simu au kuinuka mara ya kwanza, na alikuwa amefikia wapi. Mstari mmoja kwa siku watosha. Kisha Jumapili fungueni mipangilio ya simu pamoja. Kwenye Android kuna sehemu ya Digital Wellbeing, na kwenye iPhone kuna Screen Time. Zote zinaonyesha dakika zilizotumika kwa kila programu na mara ngapi simu ilishikwa kwa siku.

Wazazi hukimbilia kutazama jumla ya saa. Mimi natazama zaidi idadi ya mara simu iliposhikwa, hasa baina ya magharibi na usiku. Kijana aliyetazama mpira saa mbili mfululizo Jumamosi hajaharibu kitu. Anayeshika simu kila baada ya dakika tatu akiwa na kitabu mbele yake, huyo hata akikaa mezani jioni nzima hajasoma. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu inataja kwamba mwanafunzi aliyetolewa kwenye somo na jambo lisilo la masomo anaweza kuchukua hata dakika 20 kurudi alipokuwa. Piga hesabu mwenyewe.

Hatua ya pili: jua anakimbia nini

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo ningependa uipe muda mwingi kuliko zote. Daftari litakuonyesha kwamba kijana haahirishi kila kitu. Pengine Jiografia anaimaliza, lakini Kemia inasukumwa hadi usiku wa manane. Au masomo yote yanakwenda isipokuwa insha. Lile somo ndilo la kulifuatilia.

Mazungumzo yenyewe yasiwe marefu. Mfano wa nyumba yoyote:

– Mwanangu, hii insha ni ya lini?
– Ya Jumatatu, mama.
– Umefika wapi?
– Niko kwa kichwa.
– Haya, kichwa chasemaje?
– Ndiyo sielewi. Sijui hasa mwalimu ataka niandike nini.

Hapo ndipo pa kusimama. Mtoto huyu hakuhitaji kunyang'anywa simu. Alihitaji mtu wa kumsaidia kusoma swali.

Mara nyingi ninachokuta ni moja kati ya mambo haya. Kwanza, haelewi, na shimo liko nyuma kuliko anapodhani. Hesabu za mole za Kidato cha Tatu hazimkai mtu ambaye milinganyo ya Kemia ya Kidato cha Pili haikumwingia vizuri. Kumwambia "jitahidi" ni kumwongezea karaha tu. Mpe wiki mbili arudi kwenye kitabu cha nyuma, au mtafute mwalimu wa tuisheni na umwambie hasa kilichopotea ni nini, usimwachie aendelee na silabasi mbele kwa mbele.

Pili, kazi ni kubwa na haina mahali pa kuishika. Miradi ndiyo inayoongoza hapa. Watahiniwa wa KCSE wanaofanya Kompyuta au Kilimo wana mradi unaokwenda kwa miezi, na mwaka wa mwisho wa KCSE ya mfumo wa 8-4-4 ni 2027, kwa hiyo aliyebaki nyuma hana kundi la kungoja. Kwa walio kwenye mfumo wa umilisi (CBC), kuahirisha kunaumiza kwa njia nyingine kabisa. Alama za kumpeleka mtoto sekondari ya juu zinagawanywa hivi: asilimia 20 zinatoka kwenye KPSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa Gredi ya Sita, asilimia 20 kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane, na asilimia 60 kwenye KJSEA, tathmini ya kitaifa ya mwishoni mwa Gredi ya Tisa. Maana yake ni kwamba mradi aliouacha mpaka usiku wa mwisho akiwa Gredi ya Saba tayari umo kwenye hesabu. Sisi tuliosoma zamani tulizoea kulala muhula mzima na kuamka wiki ya mtihani. Tusiwafundishe hawa mbinu ambayo mfumo wao hauipi nafasi.

Tatu, hofu. Huyu humtambui upesi kwa sababu mara nyingi ni yule aliyekuwa anaongoza shule ya msingi. Sasa yuko shule kubwa, amekutana na wenzake kumi kama yeye, na kila zoezi linaweza kumwonyesha kwamba si yule wa kwanza tena. Akichelewesha ana udhuru: "Sikusoma." Afadhali kushindwa bila kusoma kuliko kusoma na kushindwa. Mtoto wa namna hii ukimsifu kwa gredi unamzidishia hofu. Sifu jambo alilofanya: umeanza saa uliyosema, umerudia swali ulilokosa.

Nne, na hili ni la kawaida kuliko tunavyokiri, ni njaa, joto na uchovu. Mtoto ameamka alfajiri, amevuka feri kutoka Likoni, ametoka shule saa kumi, amepita madrasa, amefika nyumbani kwenye chumba cha mabati mwezi wa Februari, kaskazi imeshika. Usitafute saikolojia mahali ambapo mahamri mawili na kuoga kungetosha. Na kabla hujasema binti yako anaahirisha, hesabu aliyoyafanya tangu arudi: vyombo, kumwogesha mdogo wake, kwenda dukani, kukuna nazi. Kaka yake aliyekaa barazani hahesabiwi hayo. Kuna nyumba ambazo hatua pekee inayohitajika ni kugawa upya kazi za jikoni.

Hatua ya tatu: ifanye kazi iwe ndogo mpaka aone haya kuikataa

Usiku kabla ya kulala, kijana aandike kazi mbili au tatu za kesho yake. Sharti ni moja: kila kazi iwe kitendo kinachoonekana. "Kusoma Kemia" haiingii kwenye daftari. "Kufanya swali la 1 hadi la 3 ukurasa wa 84" inaingia. "Kuandika insha" haiingii. "Kuandika sentensi tatu za utangulizi" inaingia. Kazi ya kwanza kwenye orodha iwe ndogo kupita kiasi, ya dakika tano hivi. Vijana huicheka. Waache wacheke, mradi waifanye, kwa sababu mtu aliyekwisha kuandika sentensi tatu ni rahisi kuandika ya nne kuliko aliyekaa mbele ya ukurasa mweupe.

Kisha kazi ile ipewe wakati wake kwa kuifunga na jambo ambalo tayari hutokea kila siku. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, alieleza mwaka 1999 jinsi mpango wa namna ya "likitokea hili, nitafanya lile" unavyomsukuma mtu kutenda kuliko nia ya jumla kama "nitasoma zaidi". Kwa mji wetu huu hilo ni jepesi, maana adhana tunasomewa mara tano kwa siku. Na sisi tuko karibu na ikweta: magharibi ya Mombasa haihami zaidi ya kama nusu saa mwaka mzima. Baina ya magharibi na isha kuna muda wa saa moja na dakika kadhaa, unaotosha vipande viwili vya kusoma na mapumziko katikati. Basi sentensi kwenye daftari iwe: "Nikirudi kuswali magharibi, nitakaa meza ya dirishani na kufanya swali la 1." Aitaje meza, alitaje swali.

Nyumba isiyokwenda kwa adhana itumie jambo lingine lisilohama, kwa mfano taarifa ya habari ya saa moja: televisheni ikianza taarifa, kijana anaanza kazi. Na kama ana darsa baina ya magharibi na isha, hamisheni kazi ije baada ya alfajiri, ambako isitoshe kuna upepo na nyumba imetulia. Wakati wa Ramadhani ratiba nzima inapinduka. Usilazimishe ile ya kawaida. Kipande kimoja baada ya daku na kingine kabla ya alasiri vinatosha mwezi ule.

Hatua ya nne: simu ilale sebuleni

Sasa ndiyo tunafika kwenye simu. Wakati wa kusoma isiwe mezani, isiwe mfukoni, isiwe chini ya mto. Iwe chumba kingine, kwenye chaja, ikiwezekana mahali ambapo bibi amekaa, kwa sababu hakuna kijana atakayepita mbele ya bibi mara kumi kuja kuchungulia TikTok. Adrian Ward na wenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti ambapo watu walipewa mazoezi ya kufikiri huku simu zikiwa mezani, mfukoni au kwenye mkoba, ama chumba kingine, zote zimenyamazishwa. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao simu zao zilikuwa chumba kingine. Waliorudia jaribio baadaye hawakupata matokeo yale yale kila mara, kwa hiyo sikuapii. Lakini kuiweka simu chumba cha pili ni bure, na kijana asiyeiona haihangaikii.

Pingamizi litakuja, na lina haki: "Kazi ya mwalimu iko kwenye grupu la WhatsApp." Kweli, walimu wengi hutuma kazi huko. Suluhisho ni kwamba akitoka shule anafungua grupu, ananakili kazi zote kwenye daftari kwa mkono, anapakua picha au faili anayoihitaji, kisha simu inakwenda kwa bibi. Kunakili kwa mkono kuna faida ya pili: hapo ndipo anapogundua kwamba hajaelewa swali, wakati bado mapema, wenzake wako macho na mwalimu anaweza kuulizwa. Pale kazi yenyewe inapohitaji skrini, kama kusoma masomo ya Kenya Education Cloud, tovuti ya taasisi ya mitaala KICD, au karatasi za mitihani iliyopita, asome sebuleni kwenye simu yako au kompyuta, arifa zote zimezimwa.

Nyumba nyingi zina simu janja moja, ya mama. Hapo tatizo linageuka: mtoto anaingoja simu, na kungoja kunakuwa sababu ya kutofanya lolote. Panga saa moja inayojulikana ya kumpa kila siku, hata kama ni nusu saa tu.

Na wewe mzazi? Kama simu yako inaimba sebuleni muda wote ule wa kipande chake, usishangae. Iweke karibu na yake.

Hatua ya tano: dakika 25 kwa saa ya jikoni

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi wa Kiitaliano, Francesco Cirillo, aliyekuwa akishindwa kukaa na vitabu vyake, alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya na kujiwekea vipande vya muda mfupi. Utaratibu huo umeenea duniani: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Anayeanza na asiyeweza kukaa, mpe 10. Kuongeza kutakuja.

Mapumziko ndiyo yanayowashinda watu. Dakika tano za TikTok hazipo. Video haina mwisho, inayofuata inajileta yenyewe. Mapumziko yawe ya mwili: maji, kwenda barazani kupungwa na upepo, kumsumbua mdogo wake kidogo. Simu inarudi mkononi vipande vya jioni vikiisha, na ikirudi, irudi kwa moyo mmoja, bila wewe kusimama mlangoni ukihesabu dakika. Kijana anayejua kwamba saa mbili usiku simu ni yake kihalali hana haja ya kuiiba saa kumi na mbili.

Vivyo hivyo kwenye foleni ya feri au ndani ya matatu iliyokwama Kibarani. Kuna wazazi wanaotaka mtoto asome huko. Hapana, mwache acheke na simu yake.

Hatua ya sita: mipangilio michache, si jela

Kaa naye mbadilishe mambo haya, yatachukua nusu saa:

Zimeni arifa za kila kitu isipokuwa simu za kupigwa na ujumbe wa watu wa nyumbani. Nyamazisheni magrupu ya WhatsApp. Kwenye Android wekeni kikomo cha dakika kwa programu mbili tu, zile zilizoonekana kwenye daftari la wiki ya kwanza. YouTube izimwe kule kuendelea kwa video yenyewe.

TikTok tangu mwaka 2023 huweka kikomo cha dakika 60 kwa siku kwa akaunti za walio chini ya miaka 18. Lakini kikomo hicho kinafuata mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa, na vijana wetu wengi kwenye akaunti zao ni watu wazima wa miaka thelathini. Chungulia hapo kwanza. Hata mwaka huo ukiwa sahihi, kijana mwenyewe anaweza kuendelea kwa kuandika namba ya siri, kwa hiyo kikomo ni ukumbusho tu. Ukitaka zaidi ya hapo, unganisha akaunti yako na yake kupitia Family Pairing.

Jambo ambalo sijaona likizungumzwa ni bando. Bando la saa moja lina haraka yake: kijana akishalinunua, kila dakika anayoitumia kwenye kitabu anahisi ni pesa zinazomwagika, na akilinunua magharibi, jioni imekwisha. Kama uwezo upo, mnunulie la wiki au la mwezi, hata kama ni dogo. Linaondoa ile pupa. Wenye waifai nyumbani, kifaa kizimwe saa ya kulala kwa nyumba nzima.

Na wakati umo humo, pitia taarifa ya M-PESA ya laini anayotumia. Chini ya miaka 18 kubeti ni marufuku kisheria, ila laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mzima haiulizi umri wa kidole. Ukiona pesa ndogo ndogo zinaingia kampuni za kamari kila siku, hiyo si habari ya kuahirisha kazi tena. Acha mwongozo huu kwa muda na mzungumze hilo kwanza.

Hatua ya saba: usingizi

Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kinapendekeza vijana wa miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10. Mwili wa kijana hupenda kuchelewa kusinzia kuliko wa mtoto mdogo, si ukaidi. Anayeamka saa kumi na moja na nusu alfajiri anahitaji awe amelala saa tatu na nusu usiku, na simu iwe imeshatoka chumbani. "Natumia kama kengele" ni kisingizio cha zamani. Ile saa ya mezani uliyonunua ina kengele.

Hatua ya nane: kipande kimoja kilichosomwa vizuri

Kijana anayesoma na asione alama zikipanda ataacha, na atakuwa na haki. Kurudia kusoma ukurasa huku akipiga mistari ya rangi kunampa hisia kwamba anajua. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma kifungu kisha wakajijaribu kukikumbuka walikihifadhi vizuri zaidi baada ya siku kadhaa kuliko waliokisoma tena na tena. Basi katika kila dakika 25, tano za mwisho kitabu kifungwe na aandike alichokumbuka, au akueleze wewe ukiwa unachambua mchele. Si lazima ujue Fizikia. Muulize tu "kwa nini?" mpaka akwame, na alipokwama ndipo pa kufungulia kesho.

Video za kufundisha zina faida kama zinatazamwa na kalamu mkononi: tazama mfano, simamisha, fanya swali mwenyewe. Bila kalamu ni burudani yenye sura ya masomo.

Kisha kuna programu za akili mnemba, ChatGPT na ile Meta AI iliyomo ndani ya WhatsApp. Kuzipiga marufuku sioni kama kunawezekana. Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba ajaribu swali kwa dakika kumi kwa mkono wake kwanza, na akiuliza, aombe kidokezo cha hatua inayofuata, asiombe jibu. Ukitaka kujua kama anaifuata, mpe swali lile lile siku ya pili kwenye karatasi tupu. Kazi iliyofanywa na simu haina mwenyewe siku hiyo.

Akiteleza

Atateleza. Wiki ya tatu hivi, ugeni ukishaisha, utamkuta na simu chini ya shuka. Hapo watu watakukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na utashawishika kuivunja simu ile ukutani. Adhabu isiyohusiana na kosa inamfundisha kuficha: atatumia ya mwenzake, au atahamia saiba. Yenye uhusiano ni nyepesi: leo umeivusha simu saa ya kulala, kesho inakuja sebuleni nusu saa mapema. Mkishasema hayo mmemaliza, msiyarudie mbele ya wageni.

Kisha rudini kwenye daftari na muulize swali la hatua ya pili upya, kwa sababu mara nyingi kuteleza kunakuja na mada mpya ngumu darasani.

Kuna hali ambazo daftari na saa ya jikoni havitoshi: kijana aliyejitenga na marafiki wote, asiyekula, anayesema hana faida, au anayetishwa na mtu mtandaoni kwa picha zake. Mwone mwalimu mshauri wa shule au daktari mapema. Namba 116 ni ya bure nchini Kenya kwa masuala ya watoto, na kijana mwenyewe anaweza kuipiga.

Kumwachia

Baada ya nusu muhula, punguza mkono wako. Kijana aandike orodha yake bila wewe kuisoma; wewe muulize Jumapili jioni mambo mawili tu: nini kilikuwa kigumu kuanza wiki hii, na kazi gani ya wiki ijayo unaiogopa. Ripoti ya muhula ikija, usishuke moja kwa moja kwenye nafasi aliyoshika. Tafuta lile somo alilokuwa akilikimbia.

Likizo ya Desemba mwachie. Aogelee, alale, acheze gemu, aende kwa shangazi Malindi na simu yake. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa rudisheni kwanza saa ya kulala, siku mbili tatu baadaye chaja irudi sebuleni, na kitabu kiwe cha mwisho, kwa kipande kimoja cha dakika kumi.